Nimeambiwa nifanyiwe opareshen ya shingo, mume wangu anasema nitapooza

BARUA

Shikamoo mama. Mimi ni fundi cherehani niko Mbagala, nina miaka 43 na watoto wawili. Naomba usitaje jina langu maana wateja wakijua naumwa kazi zitahamia kwa mwingine.

Shida yangu ni shingo. Ilianza kama wiki tisa zilizopita, niliamka asubuhi shingo imekaza upande wa kulia nikajua nimelala vibaya, nikakandwa na maji ya moto nikaendelea na kazi. Siku nne tano mbele maumivu yakashuka begani yakapita nyuma ya mkono mpaka kidole cha kati, yaani kama nimepigwa shoti ya umeme, na hicho kidole kimekufa ganzi mpaka leo. Usiku ndo balaa, nikiweka mkono juu ya kichwa ndo napata nafuu kidogo na kausingizi.

Nikaenda duka la dawa wakanipa diklofenaki, ikiisha narudi tena, saa ingine wananichoma na sindano, ndo natumia mpaka leo. Presha ninayo, nameza losartani na kile kidonge cha kukojoa kila siku. Mume wangu akanipeleka kwa kinyozi wake anayenyoosha watu shingo, akanizungusha ikalia kwaa nikaona nyota, usiku ule sikulala kabisa. Mama mkwe akaleta mtu wa kuchua na mafuta ya nazi akasema mshipa umehama. Nikanunua na kola ya sponji naivaa wiki ya tano sasa mchana na usiku.

Mwezi uliopita nikaenda hospitali moja ya binafsi nikapigwa picha ya MRI, hela yangu yote ya kikoba ikaishia hapo. Majibu yanasema diski, yaani ule mto laini katikati ya pingili, iliyo kati ya C6 na C7, pingili ya sita na ya saba ya shingo, imetoka upande wa kulia imebana neva, na mbili za juu yake zimeanza kuchakaa. Daktari akaangalia karatasi dakika chache, hata hakunigusa, akasema hapa dawa ni opareshen niandae pesa. Nilitoka pale nalia.

Sasa nyumbani kila mtu ana lake. Mume wangu anasema kisu cha shingo ni kupooza tu, kuna mama kijijini kwao alifanyiwa mgongo hakutembea tena. Dada yangu anasema nifanye haraka kabla mambo hayajaharibika. Mimi nauliza hivi hamna njia nyingine kabla ya kisu? Na hii diski inaweza kurudi yenyewe? Na je naweza kusubiri Januari ipite, kwasababu sare za shule ndo zinanilipia ada ya watoto na nimeshapokea advansi za watu. Halafu siku hizi hata nikipiga pasi mkono wa kulia unalegea nikisukuma, nadhani ni uchovu tu wa kutolala. Nisaidie mama yangu.

Fundi wa Mbagala

JIBU

Marahaba mwanangu, pole sana, wiki tisa bila usingizi huku una oda za watu si kitu kidogo.

Naanza na ile pasi. Umeiweka mwishoni kama kitu cha kupita tu, ila mimi nimefanya kazi ya fiziotherapia, ile tiba ya mazoezi ya viungo, miaka mingi na hapo ndipo niliposhtuka. Neva inayotoka kati ya C6 na C7 ndiyo inayopeleka hisia kwenye kidole cha kati, na ndiyo hiyo hiyo inayoendesha msuli wa nyuma ya mkono, ule unaonyoosha kiwiko, yaani msuli wa kusukuma. Kwahiyo kidole chako, picha yako na pasi yako vyote vinasema jambo moja. Hata huko kupata nafuu ukiweka mkono kichwani ni dalili tunayoijua sana, mkono ukipanda neva inalegea kidogo pale ilipobanwa. Sio uchovu huo, na wala sio mshipa uliohama.

Sasa kabla hujafanya kingine chochote nataka leo hii ujipime. Simama mbele ya ukuta, weka kiganja kimoja ukutani usawa wa kifua, kunja kiwiko halafu jisukume kurudi nyuma. Fanya kwa kushoto mara kumi kisha kwa kulia mara kumi. Halafu mwambie mwanao mkubwa ashike mkono wako ulionyooka ajaribu kuukunja wakati wewe unakataa, mkono mmoja mmoja. Kama kulia kumepungua kidogo tu na wiki ijayo kuko vile vile, tuna muda wa kujaribu njia nyingine. Kama mkono wa kulia hauwezi kabisa, au kila baada ya siku chache unazidi kulegea, usisubiri Januari wala mwisho wa mwezi, nenda wiki hii hii hospitali yenye daktari wa mishipa ya fahamu au wa mifupa anayefanya uti wa mgongo. Maumivu yanavumilika na yanapungua yenyewe, lakini neva iliyokaa imebanwa vibaya muda mrefu nguvu zake saa ingine hazirudi zote, na fundi bila mkono wa kulia unajua mwenyewe.

Kuna na maswali mengine nakuomba ujijibu kwa ukweli. Je kutunga uzi kwenye sindano au kufunga vifungo kumekuwa kugumu kwa mikono yote miwili, hata huu wa kushoto? Je miguu imekuwa mizito au unapepesuka ukitembea, hasa gizani? Ukiinamisha kichwa unasikia shoti inashuka mgongoni mpaka miguuni? Mkojo au choo kinakutoka bila taarifa, au mkojo unagoma? Ukiwa na hata kimoja hapo basi inawezekana kinachobanwa sio neva ya mkono peke yake, ni uti wa mgongo wenyewe, na hiyo ni habari nyingine kabisa, nenda hospitali siku hiyo hiyo, mazoezi ninayoandika hapa chini hayakuhusu. Wa namna hiyo mara nyingi tunamshauri opareshen, na lengo kubwa pale ni kuzuia isizidi kuharibika, kwahiyo anayechelewa anapoteza vile alivyokuwa bado navyo. Na kama una homa za jioni, jasho la usiku, unakonda bila sababu, au uliwahi kuugua TB au kansa, mwambie daktari kabla hajakuuliza, TB ya uti wa mgongo ipo huku kwetu na inatibika kwa dawa ikigundulika mapema.

Nikichukulia kwamba majibu yako yote ni hapana na mkono umelegea kidogo tu, sasa nakujibu ulichouliza.

Ndiyo, njia zipo kabla ya kisu, na watu wengi wenye tatizo kama lako wanapona bila kupasuliwa. Diski hairudi mahali pake kama droo inavyorudishwa kabatini, ila kile kipande kilichotoka mwili unakiona ni kitu kigeni unaanza kukila taratibu, kinasinyaa, uvimbe kwenye neva unashuka na maumivu yanashuka nao. Sehemu kubwa ya nafuu inakuja ndani ya miezi minne mpaka sita ya mwanzo. Wewe uko wiki ya tisa, yaani bado uko katikati ya safari, na kusema kweli hizo wiki tisa hujapata bado matibabu yanayostahili. Umepata dawa za dukani, kinyozi na kola.

Hizo diski mbili za juu zilizochakaa usizipe usingizi wako. Ukiwapiga MRI wenzako wa miaka 40 na kitu ambao hawaumwi chochote, wengi utakuta diski zimechakaa vile vile. Picha inakuwa na maana pale tu inapofanana na mwili wa mtu, na ndo maana siwezi kukubali uamuzi wa opareshen uliotolewa bila mtu kushika mkono wako, bila kugonga goti na kiwiko na kinyundo, bila kukuangalia unatembea. Inawezekana kabisa yule daktari yuko sahihi, lakini hakupima kitu kinachoamua, na una haki ya kusikilizwa na mwingine. CD yako ya MRI na karatasi beba uende navyo, usikubali kurudia kipimo kama hali haijabadilika.

Kwa kinyozi usirudi tena, na mume wako naye mwambie aache hata kama yeye haumwi. Shingo ndani yake kuna mishipa miwili ya damu inayopita kwenye matundu ya pingili kwenda kwenye ubongo, kuizungusha shingo kwa nguvu ghafla kunaweza kuchana mshipa huo na mtu akapata kiharusi. Ni mara chache, ila ikitokea imetokea, na kwa mtu ambaye tayari diski imetoka hatari nyingine ni kusukuma kile kipande zaidi. Mama mkwe akitaka kukupaka mafuta ya nazi na kukuchua begani taratibu mwache, inatuliza misuli na upendo wake ni dawa pia, ila asibonyeze kwenye uti wala asivute kichwa.

Kola ivue. Inafaa siku chache za mwanzo pale maumivu yanapokuwa makali sana, lakini wiki tano mchana na usiku misuli ya shingo imekaa kama mguu uliotoka kwenye plasta, imesinyaa. Punguza leo masaa mawili, kesho zaidi, ndani ya wiki iwe imeondoka, labda uivae kwenye daladala tu kwa ajili ya mashimo.

Diklofenaki ndo inanitia hofu kuliko hata diski yenyewe. Dawa hiyo inapandisha presha, inachubua tumbo, na ukiichanganya na losartani na kidonge cha kukojoa unayabana mafigo kwa pande tatu kwa wakati mmoja, na wewe umefanya hivyo miezi miwili. Acha hiyo kwanza, zile za presha endelea nazo, halafu nenda kituo cha afya kapime presha na damu ya kuangalia figo, wiki hii. Na zile sindano za duka la dawa hukuambiwa ni za nini, nyingine huwa wanachanganya deksamethasoni, dawa kali ya kupunguza uvimbe ya jamii ya steroidi, humo humo, mtu anaona nafuu ya haraka huku sukari na presha vinapanda kimya kimya. Kwa maumivu ya kawaida meza parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa. Kwa yale ya shoti na kuungua ya usiku muulize daktari kuhusu amitriptilini kidogo wakati wa kulala au gabapentini, hizo ni za maumivu ya neva, hazitibu diski ila zinakupa usingizi, na mtu aliyelala anapona vizuri zaidi. Zinalevya kidogo asubuhi, kwahiyo unaanza na dozi ndogo na daktari akijua dawa zako zote za presha.

Halafu ndo fiziotherapia. Hospitali za rufaa za mikoa nyingi zina kitengo chake, hapo Dar anzia Temeke kwa rufaa ya kituo chako, bei yake haifanani hata kidogo na hela ya opareshen. Usiende mara moja ukakata tamaa, hesabu wiki sita mara mbili kwa wiki, na nyumbani kila siku. Watakupima upya, watakuonyesha mazoezi ya neva na ya misuli. Wakati unasubiri anza na hili: kaa wima, vuta kidevu nyuma kama unakikwepesha ngumi iliyo mbele yako, uso usiinue wala usiinamishe, shikilia sekunde tano, mara kumi, rudia mara nne au tano kwa siku. Halafu bana mabega nyuma kama unataka yagusane, mara kumi. Na kuna kipimo kimoja cha kukuongoza nakuomba ukishike sana, kama zoezi linafanya maumivu yatoke kwenye kidole yapande kwenye kiwiko, kisha begani, kisha yabaki shingoni tu, uko kwenye njia nzuri hata kama shingo yenyewe itauma zaidi kwa muda. Kama yanashuka kwenda vidoleni, acha zoezi hilo mwambie mtaalamu.

Na kazi yako lazima ibadilike, maana hata upone leo ukirudi kwenye kigoda kile kile tutaonana tena. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kama kilo tano, kikiwa wima pingili zinakibeba vizuri, ukiinama masaa manane juu ya cherehani misuli ya nyuma ndo inakishikilia kisianguke. Weka vipande vya mbao chini ya miguu ya meza ya cherehani, taa ndogo iwe karibu kabisa na sindano ili usifuate mwanga kwa shingo, na kila nusu saa simama hata dakika mbili ufanye lile zoezi la kidevu. Kukata vitambaa ukiwa umeinama sakafuni acha kabisa, meza ya kukatia iwe usawa wa kiuno au kazi hiyo mpe kijana. Ndoo ya maji kichwani hapana. Kulala mto mmoja, ubavu au chali, sio kifudifudi.

Kuna sindano ya steroidi inayochomwa karibu na neva huku daktari anaangalia kwenye mashine ya eksirei. Hii ni tofauti kabisa na zile za dukani. Inaweza kupoza maumivu ya mkono kwa wiki au miezi, ila kwenye shingo ina hatari zake chache lakini nzito, kwahiyo ifanywe na mtu aliyeizoea tu. Kama mtaani kwako haipo hujakosa kitu kikubwa.

Sasa hicho kisu. Opareshen inaingia kwenye mazungumzo kwa mtu kama wewe kama nguvu za mkono zinashuka, kama uti wenyewe umebanwa, au kama umefanya matibabu ya kweli wiki sita mpaka kumi na mbili na maumivu ya mkono bado hayakuachi kuishi. Mara nyingi wanapitia mbele ya shingo, mkato mdogo kwenye mkunjo wa ngozi, wanasogeza koo pembeni, wanatoa diski yote na kile kipande kilichobana neva, wanaweka kifaa kidogo au mfupa katikati ili pingili mbili ziungane, wengine wanaweka diski ya bandia inayocheza. Watu wengi wanasimama kesho yake. Maumivu ya mkono ndo yanaondoka vizuri, mara nyingi haraka, ganzi inaweza kubaki miezi, na maumivu ya shingo yenyewe hayana uhakika huo, kwahiyo anayepasuliwa kwa sababu ya shingo tu bila mkono mara nyingi anabaki na manung'uniko. Sauti kukwaruza na chakula kupita kwa shida siku za mwanzo ni kawaida. Mfupa kuungana kunachukua miezi, na wavuta sigara wanachelewa zaidi.

Kuhusu kupooza, mwambie mume wako, huyo mkwe wangu, kwa heshima yote, kwamba hofu yake ina msingi ila haiko mahali pake. Kuumia uti kwenye opareshen ya namna hii kunatokea kwa chini ya mtu mmoja kati ya mia. Yule mama wa kijijini hatujui aliingia chumba cha opareshen akiwa na hali gani, wengi wanaotoka bila kutembea walifika tayari miguu imeshaanza kufa na TB au ajali au kansa. Mje naye wote wawili kwa daktari, aulize mwenyewe: umeshafanya ngapi za namna hii, utapitia wapi, nisipofanya sasa nini kitatokea. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, wanafanya uti wa mgongo na mishipa ya fahamu, pale unaweza kupata maoni ya pili kwa rufaa, na kama pesa ndo kikwazo ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla hujaanza kuuza cherehani.

Dada yako anayesema haraka, na yeye nampa jibu lake. Huko Sweden mwaka 1997 walichapisha utafiti wa wagonjwa 81 wenye maumivu ya muda mrefu ya neva za shingo kama yako, ambao uti wao haukubanwa, wakawagawa, wengine opareshen, wengine fiziotherapia, wengine kola. Miezi ya mwanzo waliopasuliwa walikuwa na nafuu kubwa zaidi ya wale wa kola, baada ya mwaka makundi yote matatu yakawa karibu sawa. Kwahiyo kisu mara nyingi kinanunua muda, na kuna watu muda huo wanauhitaji kweli, siwalaumu.

Januari basi. Kama ukuta na mkono wa mwanao vimesema nguvu ziko pale pale, unaweza kuzimaliza sare zako, kwa masharti ya meza iliyoinuliwa, kijana wa kukata, na pasi upige kwa mkono wa kushoto au apige mwingine. Jipime ukutani kila Jumapili uandike kwenye lile daftari lako la vipimo vya wateja, kulia mara ngapi, kushoto mara ngapi. Namba ya kulia ikishuka Jumapili mbili mfululizo, rudisha advansi ambazo hujazigusa uende MOI, wazazi watakuelewa. Jumatatu asubuhi anza na kituo cha afya kwa ajili ya presha na figo, uombe hapo hapo rufaa ya fiziotherapia, halafu niandikie mkono umesemaje.